Hatari Haipotei, Inahamishwa: Kampuni za Kimataifa Ukizitazama kutoka Mwanza

Minara ya simu iliyosimikwa juu ya vilima vya mawe vya Mwanza watu wengi huitaja kwa majina ya mitandao: huu wa Voda, ule wa Airtel. Ukweli ni kwamba mingi siku hizi si mali ya mtandao wowote wa simu. Vodacom Tanzania iliuza minara yake zaidi ya 1,100 kwa kampuni ya Helios Towers katika mkataba wa mwaka 2013. Millicom, aliyekuwa mwenye Tigo, alikuwa ametangulia kufanya hivyo na Helios hiyohiyo tangu 2010. Airtel nayo ikatangaza mwaka 2021 kuuza ya kwake kwa ubia unaoongozwa na SBA Communications ya Marekani. Leo mtandao wa simu ni mpangaji: unafunga vifaa vyake juu ya mnara na kulipa pango. Jenereta, mlinzi, kutu na radi ni shughuli ya mwenye mnara.

Kwa nini uuze kitu ambacho biashara yako haiwezi kutembea bila hicho? Kwa sababu mnara ni fedha iliyolala. Ukiuuza unapata mtaji mkononi leo, unapunguza madeni, na mnara ambao ungebeba mtandao mmoja sasa unabeba miwili au mitatu inayogawana gharama. Unachotoa ni kukubali kulipa pango miaka na miaka, na kuwa chini ya mwenye nyumba.

Tunazizungumzia kampuni za kimataifa kana kwamba kila moja ni mtu mmoja: "Barrick wamekataa," "Coca-Cola wamepandisha bei." Kisheria mtu huyo hayupo. Kuna ukoo wa kampuni, wakati mwingine makumi, wakati mwingine mamia, kila moja imesajiliwa katika nchi yake, ina wakurugenzi wake, madeni yake na hesabu zake. Ukitaka kuelewa ukoo huo unakabili vipi misukosuko ya fedha, ya ushindani na ya teknolojia, jiulize swali moja tu: hatari hii wameiweka mlangoni kwa nani? Maana hatari haipotei. Inahamishwa, na mara nyingi safari yake inaishia kwetu huku kando ya ziwa.

Chukua soda. Inayouzwa dukani Buhongwa haikutengenezwa na kampuni ya Coca-Cola ya Atlanta. Imetengenezwa na Nyanza Bottling Company ya hapahapa Mwanza. Atlanta inauza vitu viwili: kiini cha kinywaji, ambacho ni kidogo kwa ujazo na kikubwa kwa thamani, na haki ya kutumia jina. Sukari, maji, gesi, mitambo, malori, kreti na mishahara ni juu ya mwenye kiwanda. Sukari ikiadimika, anayekesha ni wa Mwanza. Naye mwenye kiwanda habebi yote peke yake. Mwenye duka hawezi kuchukua soda za chupa bila kreti na chupa tupu za kubadilishana, kwa hiyo sehemu ya mtaji wa biashara hii ya dunia nzima imekaa uvunguni mwa meza ya mama mwenye duka, kwa umbo la chupa tupu. Yeye ndiye anayelipia ikivunjika. Simlaumu mtu hapa. Kiwanda kimekua kwa mpango huo, na Mwanza imepata ajira. Ninachotaka msomaji aone ni mpangilio wenyewe: jina na kiini vinabaki juu, vyuma na glasi vinashuka chini.

Ukoo unaojikopesha

Upande wa fedha ndiko kwenye utata zaidi, na ndiko wananchi wengi hukata tamaa ya kufuatilia. Hakuna haja. Hesabu zake ni za kutoa na kujumlisha.

Tuseme kuna kampuni tanzu Mwanza, ya kubuni, imeuza bidhaa za shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Gharama zake halisi ni bilioni 7. Faida ni bilioni 3, na kodi ya mapato ya kampuni kwa asilimia 30 ni milioni 900. Sasa kampuni dada iliyosajiliwa nchi yenye kodi ndogo inaleta ankara ya bilioni 2: ada ya usimamizi, ushauri wa kitaalamu, matumizi ya jina. Faida ya Mwanza inabaki bilioni 1, na kodi yake milioni 300. Ada ile iliyokwenda nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, nayo ni milioni 300 nyingine. Jumla serikali inapata milioni 600 badala ya 900. Hakuna noti iliyofichwa, hakuna risiti ya bandia. Ni karatasi moja tu imepita kati ya ndugu wawili.

Je, ni wizi? Inategemea kama huduma ile ilitolewa kweli, na kama bei yake ni ile ambayo watu wasiojuana wangekubaliana sokoni. Hicho ndicho kipimo kilichomo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na kanuni zilizotungwa 2014 kisha zikaandikwa upya 2018 zinaitaka kampuni iwe na nyaraka za kuthibitisha bei hizo. Ugumu uko kwenye kulinganisha. Bei ya mfuko wa saruji unaweza kuiulizia Makoroboi au Nyakato. Bei ya "ushauri wa kimkakati wa kanda" utaiulizia duka gani? Hapo ndipo maofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, na wahasibu wa kampuni hushindana miaka mingi, na mwenye wahasibu wengi zaidi huingia uwanjani akiwa mbele.

Njia ya pili ni mkopo. Kampuni mama inaweza kuleta fedha kama mtaji, ikasubiri gawio, au kuzileta kama deni, ikalipwa riba. Gawio hutolewa baada ya kodi. Riba hutolewa kabla, kwa kuwa ni gharama. Basi ukoo wenye akili hupenda kumkopesha mtoto wake kuliko kumpa mtaji. Tanzania imeweka mpaka: kampuni inayomilikiwa na wageni ikiwa na deni linalozidi uwiano wa 70 kwa 30 dhidi ya mtaji, riba ya sehemu iliyozidi haikubaliwi kupunguza kodi. Ni mpaka mzuri. Lakini ona kwamba deni hilo lina faida nyingine isiyohusu kodi kabisa. Kampuni tanzu ikifilisika, mwenye hisa hulipwa wa mwisho, na mkopeshaji hulipwa kabla yake. Mama aliyekopesha anasimama foleni pamoja na wadai wengine, na akiwa ameshika dhamana, anasimama mbele ya mzabuni mdogo asiye na dhamana yoyote.

Halafu kuna sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imezidi 2,600, na kuipata benki lilikuwa jambo la kuvizia. Kufikia mwisho wa mwaka huo ikashuka tena hadi karibu 2,400. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti hauumizwi sana na shilingi kudhoofika, kwa sababu dhahabu huuzwa kwa dola huku mishahara na vyakula vinalipwa kwa shilingi. Kampuni ya simu au ya bia imekaa kinyume: mteja wa Igoma anailipa kwa shilingi, mitambo na programu zinadaiwa kwa dola. Deni la dola milioni 10 lililokuwa la shilingi bilioni 23 likawa la bilioni 26 bila mtu kukopa senti moja zaidi. Ndiyo maana kampuni za namna hiyo hutafuta mkopo wa shilingi katika benki za ndani, au huharakisha kununua dola mapema, au huandika mikataba yao kwa dola ili mzigo umwangukie mwenzao. Njia hiyo ya mwisho serikali iliibana Machi 2025 kwa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Jiwe haliwezi kuhamishwa

Mbinu zote hizo zinahitaji kitu kinachoweza kusogezwa: deni, jina, ankara, mnara. Dhahabu iliyo chini ya ardhi ya mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, haisogei. Kisa cha makinikia, yaani mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje kuchenjuliwa, kinafundisha kuhusu mikakati ya kampuni kubwa kuliko darasa lolote, kwa sababu kinaonyesha siku ambayo hatari ilikataa kuhamishwa.

Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilizuia makinikia kusafirishwa nje. Kontena 277 zilikuwa zimeshikiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, zikaripoti Mei na Juni kwamba thamani ya madini yaliyomo ilikuwa ikitajwa pungufu mno. Kampuni ya Acacia Mining, mwenye mgodi wa Bulyanhulu, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la London, ilikanusha. Julai yakaja madai ya kodi, adhabu na riba ya dola bilioni 190, kiasi ambacho ni mara nyingi ya thamani ya kampuni yenyewe. Mwezi huohuo bunge likapitisha sheria mpya: mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali kupata angalau asilimia 16 ya hisa za mgodi bila kulipia.

Sasa tazama ukoo ulivyojigawa. Acacia ilikuwa na mama, Barrick ya Canada, aliyemiliki karibu asilimia 64 ya hisa zake. Zilizobaki zilikuwa za wanahisa wengine. Aliyekuja Ikulu Juni 2017 kuzungumza na Rais hakuwa mkuu wa Acacia. Alikuwa John Thornton, mwenyekiti wa Barrick. Acacia, yenye wakurugenzi wake na wajibu wake kwa wanahisa wa London, ikajikuta nje ya chumba ambamo hatima yake ilikuwa inaamuliwa. Bei ya hisa zake ikaporomoka. Uzalishaji wa Bulyanhulu ukapunguzwa na ajira nyingi zikakatwa, na Kahama nzima, kuanzia mwenye gesti hadi mwenye bodaboda, ikaisikia.

Mwisho wake ulikuja Septemba 2019: Barrick ikawanunua wanahisa wadogo na Acacia ikafutika. Mwezi uliofuata yakatangazwa makubaliano, yakasainiwa Januari 2020: dola milioni 300 kumaliza madai, kampuni mpya ya Twiga Minerals ambayo serikali ina asilimia 16, na kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu kati ya serikali na Barrick.

Watu hubishana nani alishinda. Kwangu swali zito zaidi ni nani alibeba hasara kati ya 2017 na 2019. Barrick ilikuwa na migodi kwingineko ya kuiendeleza. Serikali ilikuwa na vyanzo vingine vya mapato. Waliokuwa na kikapu kimoja tu ni mchimbaji aliyeachishwa, mzabuni wa chakula cha kambi, na mwanahisa mdogo aliyeuza kwa bei ya chini. Mgogoro wa wakubwa ulitulizwa kwa mazungumzo, lakini miaka miwili na nusu ya kusubiri ililipwa na wasioalikwa kwenye mazungumzo hayo.

Samaki walishatuonyesha jambo kama hilo mapema. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, mnunuzi wa minofu kule Ulaya alitafuta samaki wa kwingine. Hakuwa na mtumbwi, hakuwa na wavu, hakuwa na deni la barafu. Viwanda vya Mwanza vilibaki na mitambo, wavuvi wakabaki na sangara. Kilichofungua tena soko ni maabara, ukaguzi na mialo iliyosafishwa, na gharama yake ilibebwa huku.

Mtandao unaorudisha pamoja kilichogawanywa

Kwenye biashara ya kidijitali mambo yanageuka, na hapa ndipo naona viongozi wengi wa kampuni wamechelewa kuelewa.

Mwanzoni hata teknolojia ilifuata desturi ileile ya kushusha mzigo. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, Vodacom haikujenga matawi. Iliandikisha mawakala. Wakala wa Buzuruga au Mkuyuni anaweka mtaji wake mwenyewe, sehemu noti na sehemu floti, anakodi kibanda, analipwa kamisheni. Noti bandia ni yake. Kibaka wa saa mbili usiku ni wake. Ujumbe wa kitapeli ukimtoa floti, hasara ni yake kwanza, malalamiko baadaye. Mfumo huu umefikisha huduma za fedha visiwani Ukerewe na Ukara ambako benki isingejenga tawi, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, wateja walirudi kwenye fedha taslimu na kamisheni ya wakala ikapungua. Kampuni zilikuwa na wachumi wa kwenda kuzungumza na serikali, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wakala alikuwa na nani?

Sehemu moja sheria imemlinda mdogo vizuri, nayo ni fedha za mteja. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, salio lako la kwenye simu hukaa katika akaunti ya amana benki, tofauti na fedha za kampuni. Kampuni ikianguka, wadai wake hawaruhusiwi kuligusa.

Lakini angalia kinachotokea kompyuta zinapounganishwa. Wanasheria waligawa ukoo katika kampuni mia moja ili moto wa mmoja usimfikie mwingine. Kisha mafundi wakaziunganisha zote katika mfumo mmoja wa malipo, mmoja wa mishahara, mmoja wa barua pepe, kwa sababu ni rahisi zaidi hivyo. Ni kama nyumba ya kupanga isiyo na dari: kila chumba kina mlango na kufuli yake, lakini moshi wa jiko moja unapita juu ya kuta na kuwatoa wapangaji wote.

Tarehe 27 Juni 2017 ndivyo ilivyokuwa kwa Maersk, kampuni ya Denmark ambayo kontena zake zinajulikana vizuri katika bandari ya Dar es Salaam. Kirusi cha NotPetya kilianzia kwenye programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Kikaingia Maersk kupitia ofisi yake ya huko, na kabla siku haijaisha kompyuta za kampuni zilikuwa zimezimika dunia nzima. Bandari zinazoendeshwa na kampuni hiyo, kutoka Marekani hadi India, zikawa hazijui kontena lipi ni la nani. Maersk ilikadiria hasara ya dola milioni 200 hadi 300, na ikalazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyekipanga. Seva zote zilizokuwa zinatunza orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko, seva ikawa imezimwa, kirusi hakikuikuta. Kutoka kwenye nakala hiyo ya Ghana kampuni kubwa kuliko zote za meli za kontena wakati huo ikajijenga upya. Tangu hapo kampuni makini hutunza nakala isiyounganishwa na kitu chochote, na hutenganisha mitandao ya nchi na nchi, yaani zinajenga dari ambayo hawakuijenga mwanzo.

Sisi tulionja upande mwingine wa utegemezi huo Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Ofisi yenye mfumo wake wote ng'ambo, hata kama mlango wake uko barabara ya Kenyatta, ilikuwa imefungwa bila kufungwa. Kampuni zinazojali sasa hununua njia zaidi ya moja na kuacha baadhi ya shughuli ziweze kuendelea ndani ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje. Nimesikia wafanyabiashara wakiiona kero. Mimi naiona ni nafasi adimu ya kuamua mapema nani atabeba madhara siku taarifa zetu zikivuja.

Mzabuni asome nini

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeisogeza Mwanza karibu na Geita na vijana wengi sasa wanaomba tenda za migodini: sare, vipuri, mboga, usafirishaji. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ila mkataba wa kwanza ndio unaoua biashara ndogo, kwa hiyo usisainiwe kwa furaha tu.

Angalia siku za malipo. Siku 60 zinazohesabiwa tangu ulipofikisha mzigo si sawa na siku 60 zinazohesabiwa tangu ankara yako ilipokubaliwa kwenye mfumo wa kompyuta wa mnunuzi. Ankara inaweza kukaa wiki tatu ikisubiri mtu aliye likizo nchi nyingine aibonyeze, na muda wote huo riba ya benki yako inakimbia. Wewe mwenye kiwanda cha cherehani sita Nyakato unakuwa umeikopesha kampuni ya mabilioni ya dola, bila riba. Omba tarehe ya kufikisha mzigo ndiyo iandikwe. Wakikataa, weka gharama ya kusubiri ndani ya bei tangu mwanzo.

Angalia pia mgogoro utaamuliwa wapi. Ikiwa ni London, haki yako ipo kwenye karatasi tu, maana nauli na wakili vitakula deni lote.

Na angalia jina. Nembo iliyo getini na kwenye kofia za wafanyakazi inaweza kuwa ya ukoo, lakini unayoidai ni kampuni moja tu, iliyoandikwa kwa herufi ndogo juu ya sahihi, na inaweza kuwa mkandarasi wa mkandarasi, yenye mtaji mdogo na deni kubwa kwa mama yake. Jina hilo litafute kwenye daftari la BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, uone wanahisa wake ni kina nani na lilisajiliwa lini, kabla hujaenda benki kukopa mtaji wa mzigo wa kwanza.